Injini inayotema oili: mambo ya kuzingatia kabla ya kuizungusha

Fundi aliyezoea injini za kawaida, akiikaribia injini ya ndege ya Gnome au Le Rhône kwa mara ya kwanza, hukimbilia kitambaa. Chini pameloa, tumbo la ndege limeloa, na injini ikiwaka moshi wa buluu unatanda uwanja mzima. Asihangaike. Katika injini hizi za mzunguko za enzi ya Vita Kuu ya Kwanza, kuloa huko ni dalili ya uzima. Cha kuogopa ni pakavu.

Sababu ni jinsi zilivyoundwa. Krenki, yaani mhimili ambao pistoni huusukuma, imefungwa kwenye kiunzi cha ndege na haisogei. Silinda, 7 au 9, ndizo zinazozunguka pamoja na propela, kiasi cha mizunguko 1,200 kwa dakika. Petroli na hewa hupita ndani ya krenki, ambayo ina uwazi katikati, na kuingia tumboni mwa injini, palepale oili inapofanya kazi yake. Hakuna sampu, yaani bakuli la kukusanyia oili chini ya injini. Oili ikishalainisha beringi hurushwa nje kuelekea vichwa vya silinda, inatoka pamoja na moshi, basi, imekwenda. Kila dakika injini inahitaji oili mpya.

Kwa hiyo anza na kilichomo ndani ya tangi. Oili ya injini hizi ni mafuta ya nyonyo, wengine huyaita mbarika, na si kwa sababu ya kupenda mambo ya kale. Oili ya madini ikikutana na petroli huyeyuka na kuoshwa kutoka kwenye chuma. Nyonyo haipatani na petroli kirahisi, hivyo hung'ang'ania mahali pake. Wajerumani waliijua tofauti hiyo kwa machungu: vizuizi vya baharini viliwanyima nyonyo, na injini zao za Oberursel, zilizoiga Le Rhône ya nguvu za farasi 110, zikawa zinapata moto na kuharibika kwa oili za kubahatisha. Usiongezee oili ya madini juu ya nyonyo hata kama tangi limepungua kidogo tu. Na uliza petroli yako ina nini, kwa maana nyonyo huyeyuka vizuri kwenye alkoholi. Petroli yenye ethanoli ni mgeni usiyemtaka humu.

Kama ndege ilikaa miezi bila kuruka, usimwamini aliyekuambia iliwekwa vizuri. Nyonyo ikikaa hewani hugeuka gundi, kisha vanishi ngumu. Fungua chujio. Fungua bomba la kwenda kwenye pampu, ulitazame kwenye mwanga. Oili ambayo haijagandamana hutoka kwa spiriti, yaani alkoholi. Petroli utamwaga bure. Siku ya baridi nyonyo huwa nzito kama asali, basi ipashe moto kidogo kabla ya kuijaza. Jaza tangi mpaka juu: injini hizi hula lita kadhaa kwa saa, na heri petroli iishe oili ikiwa bado ipo kuliko kinyume chake.

Sasa jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloharibu injini nyingi kabla hata hazijawaka. Injini ikiwa imesimama, silinda za chini zinaning'inia vichwa chini. Oili huteremka polepole, inapita kwenye ringi na kujaa vichwani mwake. Oili haibanwi kama hewa. Ukiwasha hivyo hivyo, pistoni inagonga ukuta wa oili na konrodi, mkono unaoiunga pistoni na krenki, inapinda. Zima magneto, kifaa kinachozalisha umeme wa cheche, hakikisha imezimwa kweli, kisha izungushe propela kwa mkono taratibu, mizunguko miwili kamili. Ikikataa mahali fulani, usiilazimishe, wala usiirudishe nyuma ukidhani umemaliza. Toa plagi za silinda za chini, weka karai, acha imwagike. Plagi hizo zifute kabla ya kuzirudisha, maana zilizolowa oili hazitoi cheche.

Injini ikishawaka, macho yaende kwenye kichupa cha kioo kilicho mbele ya rubani. Ndani yake oili hupanda na kushuka kila pampu inapopiga, na juu yake kuna hewa kidogo iliyofungiwa. Ukikiona kinapiga, pampu inafanya kazi. Kisipopiga, zima, halafu tafuta kuanzia kwenye vitu rahisi. Koki ya tangi imefunguliwa? Utacheka, lakini anza hapo. Baadaye tafuta hewa ndani ya bomba: legeza nati iliyo karibu na pampu mpaka oili itoke bila mapovu. Halafu chujio, na mwisho kabisa pampu yenyewe. Kuna mtego mmoja: kichupa kikijaa oili mpaka juu, hewa ikiwa imetoroka kwenye ufa au wosha mbovu, hakitapiga hata kama pampu ni nzima. Kirekebishe bado uko chini, kwa sababu huko angani hutakuwa na njia ya kujua lipi ni lipi.

Rubani naye akumbushwe kwamba anaposhuka akiwa amekata cheche kwa kitufe, pampu haijui. Oili inaendelea kuingia na plagi zinaloa. Aiachie injini iwake kidogo kila baada ya sekunde chache. Petroli isiyoungua nayo hukusanyika ndani ya kava la injini, hivyo uwazi wa chini usizibwe na matambara wala tope. Na avae miwani, afunge mdomo: nyonyo ni ileile inayoharisha.

Baada ya jaribio fupi, kabla ya kukubali safari, zima injini na uzitazame silinda moja moja. Zote ziwe zimeloa sawasawa. Iliyo kavu, hasa chuma chake kikianza kugeuka buluu, haipati oili, huenda njia yake imezibwa na gundi ileile ya nyonyo. Kwenye injini za Gnome Monosoupape na Clerget, ringi ya shaba nyembamba iliyo juu ya pistoni ndiyo hufa kwanza ikikauka. Silinda hiyo ing'olewe siku hiyohiyo, ndege ibaki chini.