Kabla Hujalipa: Namna ya Kufuatilia Historia ya Ukaguzi wa Gari Lililotumika

Gereji yangu iko Kizota, hapa Dodoma, na karibu kila wiki naletewa gari ambalo mwenyewe ameshalilipia. Akifika hivyo sina tena cha kumshauri, nabaki kutengeneza. Naandika hatua hizi ili uzifanye mwenyewe kabla hujatoa hata shilingi ya kushikilia gari. Nyingi hazihitaji spana. Beba tochi, simu, kitambaa, karatasi na kalamu.

Karatasi igawe safu mbili: tarehe na kilomita. Popote utakapokuta kilomita za gari hilo zimeandikwa, iwe kwenye cheti, stika au risiti ya gereji, ziandike pamoja na tarehe yake. Kilomita hupanda kadiri miaka inavyosogea. Zikishuka mahali popote, kuna mtu ameirudisha nyuma mita ya kilomita.

Hatua ya 1: Anza na gari, kadi ya usajili baadaye

Fungua boneti utafute namba ya chasisi iliyogongwa kwenye bodi. Kwa Toyota nyingi ndogo iko kwenye ukuta unaotenganisha injini na ndani ya gari. Nyingine iko chini ya zulia, usawa wa kiti cha mbele. Futa vumbi, pitisha kidole. Namba ya kiwandani imezama kwenye bati na herufi zake zimekaa sawasawa. Ukikuta alama za msasa, mstari wa kuchomelea, au rangi mpya hapo tu, funga boneti uage.

Kama iko salama, ilinganishe na kadi herufi kwa herufi. Usikubali kuambiwa "hayo ni makosa ya uchapaji".

Namba hiyo inasema mengi. Toyota IST ambayo chasisi yake inaanza na NCP60 ilitoka kiwandani na injini ya cc 1,300, NCP61 na ya cc 1,500. Kadi ikisema 1,490 na chasisi inasomeka NCP60, uliza injini ilibadilishwa lini.

Hatua ya 2: Usinunue herufi ya namba

Madalali wanapenda sana kusema "hii ni namba E, bado mpya". Herufi hiyo, ya kwanza baada ya tarakimu kwenye kibao cha namba, inaonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania, basi. Gari la 2005 likisajiliwa mwaka huu linapewa namba ya mwaka huu. Soma mwaka wa kutengenezwa kwenye kadi.

Hatua ya 3: Omba makaratasi ya Japani

Muuzaji akisema hana, muulize wakala aliyelitoa bandarini. Mara nyingi nakala zinabaki kwake au kwenye simu ya aliyeagiza. Unahitaji mbili.

Ya kwanza ni cheti cha kuruhusu gari kutoka Japani. Kule gari dogo la binafsi hukaguliwa na serikali likifikisha miaka 3 tangu likiwa jipya, halafu kila baada ya miaka 2, na kilomita zinazosomeka siku ya ukaguzi zinaandikwa. Cheti hicho kinabeba kilomita za ukaguzi wa mwisho. Miaka yake isikuchanganye: ikiandikwa Heisei, jumlisha 1988, ikiandikwa Reiwa, jumlisha 2018. Heisei 17 ni 2005, Reiwa 3 ni 2021.

Ya pili ni karatasi ya mnada gari lilikouzwa kule Japani. Ina daraja la gari, mfano 4 au 3.5, na mchoro wenye herufi. A ni mkwaruzo, U ni bonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa. Daraja likiwa R au RA, gari liliwahi kuumia na kutengenezwa. Mimi simkatazi mtu gari la R lililorudishwa vizuri, ila bei yake isilingane na la daraja la 4. Hakikisha namba ya chasisi kwenye karatasi hiyo ni ya gari lililo mbele yako. Nimeshaletewa karatasi safi kabisa ya gari lingine.

Hatua ya 4: Tafuta stika

Hatua hii watu wengi wanairuka, na ndiyo imenisaidia kuliko zote. Gereji za Japani zikimwaga oili hubandika stika ndogo kwenye ubavu wa mlango wa dereva au ndani ya boneti. Maandishi ni ya Kijapani lakini tarakimu ni zilezile zetu: mwaka, mwezi, siku, na kilomita.

Mwalimu mmoja wa Chamwino aliniita nikamtazamie gari. Dashibodi ilisoma 78,000. Makaratasi yote, tuliambiwa, yalipotea wakati wa kuhama. Nikafungua mlango wa dereva, nikachuchumaa, nikamulika chini ya bawaba. Palikuwa na mabaki ya stika, nusu imekwanguliwa kwa kucha, gundi yake imeshika vumbi jekundu. Tarehe ilikuwa imeondoka. Zilibaki tarakimu sita: 112,400. Nikamwita: "Mwalimu, njoo usome mwenyewe." Akasoma mara mbili, akamtazama dalali, akarudisha bahasha kwenye mkoba.

Kwa hiyo mulika milango yote, kifuniko cha boneti, na hata kifuniko cha mkanda wa injini.

Hatua ya 5: Cheti cha ukaguzi wa TBS (Shirika la Viwango Tanzania)

Omba nakala ya cheti cha ubora wa gari lilipoingizwa nchini. Linganisha chasisi, na kilomita zikiwepo ongeza kwenye karatasi yako.

Hatua ya 6: Kazi ya simu

Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa TMS uone madeni ya faini, kisha kwenye TIRA MIS, mfumo wa mamlaka ya bima, uone kama bima ni hai. Dakika tano tu. Halafu nenda TRA pamoja na muuzaji, mhakikishe jina lake ndilo lililo kwenye mfumo. Soma majina yote kwenye kadi: likiwepo la benki au taasisi ya mikopo, usilipe hadi upate barua yao kwamba deni limekwisha.

Hatua ya 7: Vuta mkanda

Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho. Gari lililozama kwenye mafuriko husafishwa viti na mazulia, lakini kule mwisho wa mkanda mstari wa tope hubaki. Inua na zulia la buti, gusa pale tairi la akiba linapokaa. Vumbi kavu kwa gari la Dodoma ni kawaida. Tope lililogandamana na kutu kwenye vichwa vya boliti si kawaida.

Ukiridhika, andikeni mkataba mbele ya wakili. Ndani yake ziwemo namba ya chasisi, namba ya injini na kilomita zinazosomeka siku hiyo, na piga picha ya dashibodi. Muuzaji akikataa kilomita kuandikwa, huwa namwambia mteja wangu tuondoke, hata kama gari amelipenda.