Faili la Majina Limefika Wapi? Kulinda Taarifa za Wanafunzi Hatua kwa Hatua

Ukitaja usalama wa mtandaoni, walimu wengi huwaza wadukuzi. Mimi ninayesimamia kompyuta za shule huanza na faili la Excel lenye majina ya wanafunzi, maana hilo husafiri kuliko mwalimu yeyote.

Hatua ya 1: Fuata nyayo za faili

Chukua karatasi uandike kila mahali taarifa za wanafunzi zilipo: ofisi ya usajili, kompyuta ya mhasibu, flashi, barua pepe, kundi la WhatsApp la wazazi, programu za masomo. Usisahau simu za walimu. Kwa kila mahali jiulize: kuna nini, nani anafungua, na tunakiweka cha nini? Swali la mwisho likikosa jibu, futa.

Hatua ya 2: Toa kinachohitajika tu

Mwalimu wa michezo ajue mtoto ana pumu; mhasibu haimhusu. Matokeo ya mtihani yaende kwa kila mzazi peke yake. Kuficha majina ukaacha namba za usajili ni kujidanganya, wanafunzi wanajuana kwa namba.

Kingine, kuficha safu kwenye Excel si kuifuta. Niliwahi kutuma ratiba kundini nikiwa nimeficha safu ya simu za wazazi. Haikupita saa moja, mzazi akanipigia: "Mwalimu, mbona namba zetu zote zimo humu?" Siku hizi nanakili safu ninazotaka kwenye faili jipya, nalihifadhi kama PDF, nalifungua mwenyewe, ndipo natuma.

Hatua ya 3: Kagua akaunti na viungo

Faili lililowekwa "yeyote mwenye kiungo" liko wazi kwa kila atakayetumiwa kiungo hicho, hata mwakani. Badilisha liwe la watu uliowataja. Akaunti ya mwalimu anayehama ifungwe siku anayokabidhi funguo. Washa uthibitishaji wa hatua mbili (baada ya nywila, akaunti inadai uthibitisho wa pili, kama namba ya siri inayotumwa kwenye simu), ukianza na wanaoona taarifa za shule nzima, kisha hakikisha namba ya kurejesha akaunti si ya mtu aliyekwishaondoka. Nywila ya mwanafunzi isiwe tarehe yake ya kuzaliwa.

Hatua ya 4: Picha

Omba ridhaa ya mzazi, na mtoto mwenyewe umuulize. Sare yenye nembo pamoja na jina kamili chini ya picha humwambia mgeni wapi pa kumsubiri mtoto. Zima pia kipengele cha kamera kinachorekodi mahali picha ilipopigwa.

Hatua ya 5: Mtoto akitishwa mtandaoni

Msianze kwa kumnyang'anya simu. Hofu hiyo ndiyo inayowafanya wanyamaze. Akidaiwa pesa asilipe, wala asifute mazungumzo. Hifadhini ujumbe na jina la akaunti ya anayemtisha. Kama kuna picha ya utupu, msiisambaze hata kwa mkuu wa shule: kusambaza picha ya namna hiyo ya mtoto ni kosa la jinai katika nchi nyingi. Wapelekeeni polisi simu yenyewe.

Hatua ya 6: Taarifa zikivuja

Funga kiungo kwanza. Andika kilichotoka, saa ngapi, kimemfikia nani, kisha waambie wazazi wahusika waziwazi. Angalia sheria ya nchi yako inadai nini. Ile ya Umoja wa Ulaya, inayotumika tangu 2018, kwa kawaida hutoa saa 72 za kuarifu mamlaka, nazo huhesabiwa tangu mlipogundua, si tangu kikao cha walimu kilipokwisha.