Kupima ribosomu za hamira kwa neli ya sukrosi

Neli moja ya sukrosi ikizungushwa vizuri hukuonyesha mambo mawili kwa mpigo: kama seli inaunda ribosomu zake (mashine zake za kutengeneza protini) sawasawa, na kama ribosomu hizo ziko kazini. Hamira ndiyo pa kuanzia. Ikikua haraka, seli moja huwa na ribosomu zipatazo 200,000 na huunda mpya kama 2,000 kila dakika.

Ili uelewe mchoro utakaoupata, shika hili kwanza. Ndani ya nukleoli, sehemu iliyo ndani ya kiini cha seli, hunakiliwa RNA moja ndefu, 35S, ambayo hukatwakatwa kutoa 18S, 5.8S na 25S. 18S huwa mhimili wa kipande kidogo, 40S. Hizo mbili nyingine, pamoja na 5S inayonakiliwa kando, huingia kipande kikubwa, 60S. Tangu mkato huo vipande hivi hufuata njia mbali mbali mpaka nje ya kiini, kwa hiyo hitilafu inaweza kuharibu kimoja na kukiacha kingine kizima. Vikikutana juu ya RNA mjumbe (nakala ya jeni ambayo ribosomu huisoma ili kutengeneza protini) huwa 80S. RNA mjumbe iliyobeba ribosomu kadhaa kwa wakati mmoja huitwa polisomu. (S ni kipimo cha kasi ya kuzama, haijumlishwi, ndiyo maana 40 na 60 hazizai 100.)

Siku moja kabla, andaa neli. Tengeneza bafa ya Tris milimola 20 yenye pH 7.5, kloridi ya potasiamu milimola 100, kloridi ya magnesiamu milimola 10 na DTT (kemikali inayozuia protini zisioksidishwe) milimola 1. Katika bafa hiyo yeyusha sukrosi ya asilimia 50, 40, 30, 20 na 10. Weka mililita 2.4 za asilimia 50 chini ya neli, gandisha kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, kisha weka inayofuata juu yake, gandisha tena, hadi tabaka zote tano ziishe. Usiku ziache ziyeyuke kwenye nyuzi 4 bila kuguswa. Kufikia asubuhi mipaka ya tabaka itakuwa imefifia, na sukrosi inapungua polepole kutoka chini kwenda juu. Njia hii ni ya subira, lakini neli zako zitafanana kuliko zile za kumimina kwa mkono.

Asubuhi, otesha hamira mililita 100 katika YPD (mchuzi wa kuoteshea hamira) kwenye nyuzi 30 hadi ufyonzaji wa mwanga wa nanomita 600 ufike 0.6. Usingoje ifike 2. Hapo seli zimeshaanza kupunguza kazi.

Sasa inakuja hatua inayoharibu majaribio mengi. Hamira ikikosa glukosi, polisomu husambaratika ndani ya dakika chache tu, kwa sababu ribosomu zinazomaliza kusoma hushuka na mpya hazipandi. Ukikusanya seli kwanza ndipo uzisimamishe, umeshachelewa. Tia sikloheksimidi moja kwa moja kwenye chupa ya kuoteshea: mililita 1 ya myeyusho wa miligramu 10 kwa mililita, ili upate mikrogramu 100 kwa mililita. Dawa hii huikwamisha ribosomu pale pale ilipo kwenye RNA. Tikisa, zamisha chupa kwenye maji ya barafu kwa dakika 5 huku ukiizungusha, kisha zungusha kwenye sentrifuji kwa g 3,000, dakika 5, nyuzi 4. Vaa glavu, kwa ajili ya dawa hii ambayo ni sumu na kwa ajili ya RNA ambayo vimeng'enya vya vidoleni huila.

Kuanzia hapa kila kitu kikae kwenye barafu. Osha seli, kisha ziweke katika mikrolita 500 za bafa ile ile iliyoongezwa sikloheksimidi, heparini (ya kuikinga RNA) miligramu 0.2 kwa mililita na Triton (sabuni ya maabara) asilimia 1. Ongeza shanga za kioo za milimita 0.5 na utikise kwa nguvu sekunde 30, barafuni sekunde 30, mara nane. Zungusha g 12,000 kwa dakika 10, chukua maji ya juu, pima ufyonzaji kwa nanomita 260. Triton hufyonza mwanga huo, hivyo tumia bafa yenye Triton kama kipimo cha sifuri.

Weka uniti 10 za maji hayo (ufyonzaji wa nanomita 260 ukizidishwa kwa mililita) juu ya neli, taratibu, ncha ya pipeti ikigusa ukuta. Jaza bafa hadi milimita 3 kutoka mdomoni. Neli nyembamba isiyojaa hubonyea. Linganisha uzito, kisha zungusha katika rota ya SW41 kwa mizunguko 39,000 kwa dakika, saa 2 na nusu, nyuzi 4. Zima breki, ukiisimamisha ghafla, tabaka huvurugika.

Ukipitisha neli kwenye kipima mwanga cha nanomita 254, kilele cha kwanza kikubwa ni takataka nyepesi za seli. Halafu 40S, 60S, 80S iliyosimama juu, kisha polisomu za ribosomu mbili, tatu, nne na kuendelea.

60S ikiwa fupi, tazama mabega ya 80S na ya kila polisomu. Kijibega upande mzito ni 40S iliyofika mahali pa kuanzia ikakosa mwenzake. Mara nyingi hapo uundaji wa 60S ndio umekwama. 40S ikipungua huku 60S huru ikijaa, kosa liko upande wa pili. 80S kubwa na polisomu chache maana yake kuanza kusoma kumezuiwa, au ulichelewa kutia sikloheksimidi. Rudia kabla hujaamini. Vilele vyote vikichakaa na kuhamia upande mwepesi, RNA imeliwa: ikague kwenye jeli, 25S na 18S zionekane kama mistari miwili safi.

Usisahau kuandaa neli ya ulinganisho yenye EDTA milimola 30. Inanyang'anya magnesiamu inayoshikanisha vipande, kwa hiyo 80S na polisomu lazima zipotee, zibaki za vipande tu. Kilele cha eneo la 80S au polisomu kisichopotea hapo hakikuwa ribosomu.