Kumdodosa Mtaalamu Anaposema Sakafu Ilioshwa Damu

Katika kesi yangu ya kwanza ya mauaji, shahidi alisema chumba cha mshtakiwa huko Pipeline, Nairobi, kiling'aa buluu kilipopuliziwa luminoli, dawa ya kutafutia mabaki ya damu, kwa hiyo mtu alikuwa ameosha damu. Mteja wangu alikuwa mama fua. Jik, ile dawa ya klorini ya kufulia, alikuwa nayo mikononi kutwa nzima, na mimi sikuuliza hata swali moja kuihusu. Bado linaniuma.

Kwa hiyo wewe wakili unayejiandaa kwenda mahakamani Milimani, anza na ripoti ya mtaalamu. Ibara ya 50 ya Katiba inampa mshtakiwa haki ya kuonyeshwa mapema ushahidi wa mashtaka. Idai ripoti pamoja na picha na maandishi ya mkono ya aliyepulizia.

Luminoli hung'aa ikikutana na chuma kilichomo ndani ya damu. Lakini hung'aa pia kwenye klorini, shaba, kutu na maji ya baadhi ya mboga. Isitoshe, haibagui damu ya mtu na ya kuku aliyechinjiwa jikoni Krismasi. Hudokeza tu. Muulize mtaalamu: baada ya kung'aa, ulifanya kipimo gani cha kuthibitisha kwamba ni damu, tena damu ya binadamu? Kama jibu ni hakuna, usimwachilie haraka.

Swali ninalolipenda kuliko yote ni hili: ulipulizia wapi kwingine? Nyumba inayopigwa deki kwa Jik kila Jumamosi inaweza kung'aa msalani, koridoni na mlangoni kwa jirani. Bila sehemu ya kulinganisha, mng'ao wa chumbani hauna maana kubwa. Kisha uliza mng'ao ulikuwa na umbo gani: michirizi ya tambara, alama ya kitu kilichoburutwa, au sakafu nzima sawasawa? Uliza pia saa zilizopita tangu chumba kisafishwe, maana klorini hupungua inapokauka. Swali hilo linaweza kukugeukia. Kama siku kadhaa zilipita na bado palimetameta, usiegemee Jik.

Sasa upande mgumu. Anayesafisha hufikia uso wa sakafu. Damu huzama katika nyufa za simiti, kati ya vigae, chini ya mbao za ukutani, kwenye nyuzi za mopu. Ikiwa DNA ya marehemu imetoka kwenye ufa, acha kubishania luminoli, jaji atakuona unapoteza muda wake. Hamia kwa lini na nani. DNA haina tarehe. Marehemu aliishi humo? Aliwahi kujikata? Nani mwingine alikuwa na ufunguo? Nani alibeba usufi, yaani pamba iliyofutia sampuli, hadi maabara, na kila mkono ulioupokea uliweka sahihi?

Unapofika kwenye mawasilisho ya mwisho, shika kesi ya Kipkering arap Koske ya 1949: ushahidi wa mazingira, yaani wa dalili bila aliyeona tendo lenyewe, lazima usipatane na kutokuwa na hatia, wala usiwe na maelezo mengine ya busara. Usiisome tu. Mwonyeshe Mheshimiwa Jaji maelezo hayo mengine: ndoo, tambara, risiti ya duka, jirani aliyemwona akideki asubuhi. Mimi siku hizi humwita jirani huyo kabla ya kumtafuta mtaalamu wetu wenyewe.