Jinsi ya Kuchora Ukuta wa Jamii kwa Udongo na Rangi za Asili

Kazi ianze na safari ya pamoja ya kutafuta udongo, kwa idhini ya wenye ardhi, kwa sababu anayechimba rangi kwa mkono wake huuthamini ukuta kuliko aliyekuja siku ya kupaka tu. Chimbeni chini ya tabaka la juu lenye mizizi na mboji, mbali na majaa, gereji na migodi ambako udongo unaweza kuwa na risasi au zebaki, na kila mfuko uandikwe mahali ulikotoka.

Rangi nyingi za udongo hutokana na chuma. Udongo wa manjano ukikaangwa kwenye kikaango cha chuma juu ya moto mkali, maji yaliyofungamana na madini yake hutoka, na mbele ya macho yenu unageuka kahawia kisha mwekundu. Hivyo shimo moja laweza kuwapa rangi mbili. Nyeupe hutoka kwenye kaolini, yaani udongo mweupe wa mfinyanzi, au kwenye chokaa, na nyeusi kwenye mkaa uliosagwa. Maua na manjano ya jikoni yasitumike kwenye ukuta wa nje hata yakivutia kiasi gani, kwa kuwa jua huyapausha upesi.

Udongo upondwe ukiwa na unyevu, kwani vumbi lake hudhuru mapafu. Uvurugeni katika ndoo ya maji mengi, subirini kidogo mchanga utue, kisha mimineni maji yenye tope laini katika ndoo nyingine na kuuacha mchanga nyuma. Rudieni mpaka tope likifikichwa kwa vidole lisikwaruze hata kidogo. Liacheni litulie usiku kucha, mwageni maji yaliyotakata juu, halafu mkaushe kilichobaki.

Gundi ndiyo inayoamua uhai wa kazi, na hapa haraka hugharimu sana. Kwa ukuta wa ndani au ulio chini ya paa pana, uji wa ngano unatosha: kikombe 1 cha unga kikorogwe katika vikombe 2 vya maji baridi, kimiminwe katika kikombe 1 na nusu cha maji yanayochemka, na kukorogwa hadi uwe mzito, ndipo uchanganywe na rangi. Mvua huuyeyusha, kwa hiyo ukuta wa nje unahitaji lipu mbichi ya chokaa inayopakwa rangi iliyochanganywa na maji peke yake. Chokaa inapokauka hufyonza kabonidioksidi hewani, ikawa ngumu kama jiwe na kuishika rangi ndani yake. Chokaa huunguza macho na ngozi, basi ishikwe na watu wazima waliovaa glavu na miwani, nao watoto wapewe sehemu ya udongo na uji.

Jaribuni kila mchanganyiko kwenye kona isiyoonekana na kusubiri ukauke, kwa maana rangi ikikauka hupauka. Ikipasuka, ongezeni mchanga laini uliochekechwa. Ikiacha unga mkononi, ongezeni uji.

Mchoro wenyewe uchaguliwe na watakaoishi nao, na mistari mikubwa ichorwe kwa mkaa kabla ya kugawana sehemu. Rangi kavu itakayobaki ihifadhiwe katika mitungi yenye mifuniko, pamoja na kipimo cha kila mchanganyiko, mikononi mwa watu waliokubali kuziba mikwaruzo baada ya kila msimu wa mvua.