Ufundi au nguvu? Chonga upanga wa mti, uhesabu hadi mia

Vijana wawili wanaopita kwenye karakana yangu hapa Majengo, Goma, wamebishana tangu Noeli: bingwa wa upanga anafanywa na ufundi au na nguvu? Mmoja mwembamba, anatengeneza simu. Mwenzake anashusha viazi kutoka Kibumba kwa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma, ana mabega kama mlango. Nilichoka kuwasikiliza, nikamchongea kila mmoja upanga wa mti. Nawe ukitaka jibu, jipime hivi.

Wa mti, nasema. Kupekupe, lile panga la kufyekea siku ya salongo, kazi ya pamoja ya usafi, liache nyumbani. Mjini kwetu kijana mwenye chuma mkononi jioni ataulizwa maswali, na wanaouliza hawana subira.

Tafuta mkaratusi mkavu wenye nyuzi zilizonyooka, kama ule wa chukudu, mita moja hivi. Uchonge hadi ubaki gramu 600. Usiuone mwepesi: katana ya Wajapani yenyewe huwa kilo moja na kitu. Mapanga ya kilo kumi ni ya sinema.

Mpini usiwe mviringo, uwe bapa kidogo ubavuni. Mpini wa mviringo unageuka mkononi bila wewe kujua, na upanga wa kweli ukishuka umelala haukati. Unapiga kofi tu, hata uwe na nguvu za ng'ombe. Mkono wa kushoto ukae mwishoni mwa mpini, vidole viwili vya mwisho vikaze, vingine vilegee. Wa kulia unaongoza. Yule wa chukudu alikaza vyote kumi, kama mtu aliyekatikiwa na breki mteremkoni.

Sasa ning'iniza kizibo cha soda kwa uzi, usawa wa paji la uso. Inua, shusha, simamisha upanga upana wa kidole kabla ya kugusa. Sikiliza: ile "fyuu" itoke mwishoni, karibu na kizibo. Ukiisikia bado juu ya kichwa, nguvu umeimaliza njiani.

Wa simu alisimamisha mara kumi mfululizo. Wa chukudu alikipeleka kizibo kwa jirani. Tukadhani ubishi umekwisha.

Nikawaambia waendelee hadi mia bila kupumzika. Kwenye 60 hivi, kiwiko cha wa simu kikaanza kutoka nje, makali yakalala. Mwenzake, kwa kuchoka kukaza, akalegeza vidole mwenyewe, na pigo lake la 85 likalia vizuri kuliko yote ya siku ile.

Kule Satsuma, kusini mwa Japani, shule ya Jigen-ryu inajulikana kwa wanafunzi kupiga mti uliosimikwa ardhini, maelfu ya mapigo. Watu huiita shule ya nguvu. Mimi naona ni kufundisha mkono uliochoka usisahau njia.

Basi anza na kizibo, mapigo 30 kila jioni, wiki mbili. Ukisimamisha mara kumi mfululizo, nenda kwenye nguvu. Kuchimba shimo kwenye mawe haya ya volkano ni adhabu, kwa hiyo funga tairi kuukuu la pikipiki kwenye nguzo, upige 50, moja moja. Makali yakianza kulala, acha hapo hapo. Ukimalizia hesabu kwa kiburi, unaufundisha mkono kosa, na kosa lenye nguvu ni kazi kulitoa.

Wanataka kupigana wao kwa wao. Nimekataa, mti huo unavunja vidole. Wanahesabiana tu. Jana wa simu alifika 74, kiwiko kikatoka, akadai kizibo kiliyumba kwa upepo wa ziwa.