Uchovu Usioisha na Kipimo cha Kotisoli cha Nyumbani

Kotisoli ni homoni inayotolewa na tezi zilizo juu ya figo, na mwili huitoa kwa wingi unapokabiliwa na msongo. Hata hivyo, kabla ya kununua kifaa cha kuipima nyumbani kwa mate, mwenye uchovu usioisha aanze na vipimo vya kawaida vya maabara: wingi wa damu, malaria, sukari, virusi vya ukimwi na tezi ya shingo. Katika kaunti za Kisumu, Siaya na Kakamega, ambako malaria bado ipo na selimundu (ugonjwa wa kurithi wa seli za damu) imeingia katika familia nyingi, ni hasara kulipia kipimo cha mate huku upungufu wa damu ukiachwa bila tiba.

Majibu hayo yakiwa sawa, kipimo cha mate kinaweza kusaidia, mradi ikumbukwe kwamba kotisoli hubadilika kutwa nzima. Hupanda mtu anapoamka, hufikia kilele baada ya dakika 30 hadi 45, kisha hushuka polepole hadi usiku wa manane. Ndiyo maana sampuli moja haielezi mengi. Chukua ya kwanza ukiwa bado kitandani, ya pili nusu saa baadaye, ya tatu alasiri na ya nne kabla ya kulala, na uandike saa kamili ya kila moja.

Kwa muda wa nusu saa kabla ya kila sampuli usile, usinywe chai, usivute sigara wala usipige mswaki, kwa sababu damu kidogo tu ya ufizi inaweza kupandisha matokeo. Kisha acha mate yatiririke yenyewe ndani ya kichupa, na ufuate maelekezo ya kifaa kuhusu kukihifadhi.

Wavuvi wa omena, wauguzi wa zamu na walinzi wa usiku wamwarifu daktari ratiba yao ya kulala, kwani saa ya mwili wao huenda imehama.

Jambo linalosahaulika zaidi ni dawa. Dawa za steroidi, yaani zinazofanana na kotisoli, kama vile prednisoloni, dawa za pumu za kuvuta zenye steroidi na mafuta ya kujichubua yenye steroidi, huweza kuzipunguzia kazi tezi za juu ya figo, na mafuta ya haidrokotisoni yaliyobaki vidoleni huweza kuchafua sampuli. Zitaje zote kwa daktari, lakini usiziache ghafla kwa ajili ya kipimo, maana kufanya hivyo kunaweza kuhatarisha maisha.

Matokeo ya mate pekee hayathibitishi ugonjwa, na wanaouza vidonge vya kutibu "uchovu wa tezi" wanatibu kitu ambacho wataalamu wa homoni hawakitambui. Ugonjwa wa kweli wa tezi hizi, ambao kifua kikuu ni mojawapo ya visababishi vyake, huja na kukonda, hamu ya chumvi, kizunguzungu unaposimama, na weusi kwenye ufizi na mikunjo ya viganja. Mwenye dalili hizo apimwe damu hospitalini mapema asubuhi, yapata saa mbili. Akianza kutapika na kulegea, apelekwe hospitalini mara moja.